Makhan Singh na kibarua asiyekuwa na jina kwenye daftari

Habari za makaa ya mawe si ngeni kwa msomaji wa pwani. Mwezi Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu. Wavuvi, akina mama na vijana waliosimama kidete kwa miaka kadhaa wakamshukuru Mwenyezi Mungu. Sisi tulipigana yasije. Lakini kwengineko duniani kuna watu waliozaliwa, wakaoa na wakazeeka juu ya makaa hayo hayo, na leo wanaambiwa yamekwisha. Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024. Kule Mpumalanga, Afrika Kusini, kituo cha Komati kilizimwa Oktoba 2022. Mji uliokaa miongo mingi ukiishi kwa mshahara wa mgodi unabaki na swali moja: kazi ikishaondoka, ni nani atakayewasemea waliobaki?

Tusidhani swali hilo ni la watu wa mbali. Kule Kwale uchimbaji wa madini ya titanium ulifikia kikomo Disemba 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi. Wazee wa huko hawajasahau kiwanda cha sukari cha Ramisi kilivyofunga milango 1988. Hapa Mombasa tuliona 2019 serikali ilipoagiza makontena yanayoingia nchini yapandishwe treni ya SGR moja kwa moja hadi Embakasi. Madereva, matingo, mama wa chakula na wenye magereji wakabaki wakitazamana, na maandamano yakawa ya kila wiki. Agizo hilo lilikuja kuondolewa 2022, lakini si kila gereji iliyofungwa ilifunguliwa tena.

Basi leo naomba tusafiri kidogo hadi Nairobi, si mbali na huko Embakasi makontena yetu yalikokuwa yakipelekwa. Kando ya Mto Ngong, ubavuni mwa viwanda vya Industrial Area, kuna mtaa uitwao Mukuru kwa Reuben. Ni mtaa wa mabati, wa watu wa kila kabila, na hata wa kwetu wamo. Alfajiri, wakati wengine wanatoka msikitini, watu wa Mukuru huwa tayari wako njiani kwa miguu kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda. Msimamizi hutoka, akahesabu vichwa kumi au ishirini, akafunga lango. Waliobaki hurudi nyumbani au hushinda hapo wakingoja lori la mizigo. Kiwanda kikipunguza kazi, hakuna barua inayofika Mukuru. Lango halifunguki tu, na ndiyo taarifa yenyewe.

Watu hawa wana mtu wao katika historia, ingawa wengi wao hawamjui na sisi wa pwani tumemsahau. Hakuwa Mkikuyu wala Mjaluo, hakuwa Mswahili wala Mwislamu. Alikuwa Singasinga wa kilemba na ndevu, mpiga chapa kwa kazi, jina lake Makhan Singh. Haki ya mtu hailiwi kwa sababu si wa kwenu, na huyu ana haki yake kwetu.

Makhan Singh alizaliwa tarehe 27 Disemba 1913 katika kijiji cha Gharjakh, wilaya ya Gujranwala huko Punjab, sehemu ambayo leo iko Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi seremala. Mwaka 1920 mzee huyo alivuka bahari kuja Kenya kufanya kazi katika reli, kama walivyofanya mafundi wengi wa Punjab. Baadaye aliiacha reli na akafungua kiwanda kidogo cha uchapaji Nairobi. Mwaka 1927 alimwita mkewe na watoto, na Makhan, kijana wa miaka 13, akashuka melini Kilindini kama maelfu wengine, akapanda treni kwenda bara.

Alisoma katika shule ya serikali ya Wahindi Nairobi, ile ambayo leo ni Jamhuri High School. Alikuwa mwanafunzi hodari wa hesabu na lugha, na alipenda mashairi ya Kipunjabi. Alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, lakini nyumbani hapakuwa na fedha za kumpeleka mbele zaidi. Akaingia kiwandani mwa baba yake, akafunga mikono ya shati na kuanza kupanga herufi za risasi. Kazi hiyo ilimfaa kwa jambo ambalo huenda hata yeye hakulijua wakati ule. Mpiga chapa husoma kila kitu kabla ya watu wengine, na hujifunza kwamba neno lililoandikwa huishi kuliko neno lililosemwa.

Katika miaka hiyo mafundi wa Kihindi wa Nairobi walikuwa na chama chao kidogo, kikifufuka na kufa, kikifufuka tena na kufa. Machi 1935 walimchagua kijana huyu wa miaka 21 kuwa katibu. Jambo la kwanza alilolisimamia ni jina. Chama kilikuwa cha Wahindi, naye akawashawishi wenzake kifungue mlango kwa mfanyakazi wa kila rangi na kila kazi. Kikaitwa Labour Trade Union of Kenya, na mwaka 1937, kilipojumuisha Uganda na Tanganyika pia, kikawa Labour Trade Union of East Africa.

Msomaji wa leo anaweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Tukumbuke kwamba Nairobi ya wakati ule iligawanywa kama keki: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na mishahara ilipangwa kwa rangi kama mitaa ilivyopangwa. Mwajiri alijua kwamba fundi Mhindi akigoma, ataletwa Mwafrika kwa nusu ya ujira, na Mwafrika akigoma, ataletwa mwengine kutoka kijijini. Mtu akitaka kuiziba njia hiyo ilimpasa awaweke wote kwenye daftari moja. Makhan Singh aliliona hilo mapema kuliko karibu kila mtu.

Mapema 1937 chama kilidai nyongeza ya mshahara na siku ya kazi ya saa nane. Waajiri wa ujenzi walipokataa, mgomo ulianza Aprili ukaendelea siku 62. Wakati huo wote Makhan Singh alichapisha vipeperushi. Mgomo ulipokwisha, waajiri walikuwa wamekubali nyongeza ya kati ya asilimia 15 na 22, saa nane za kazi, na kuwarudisha waliogoma. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria ya vyama vya wafanyakazi, na chama chake kikaandikishwa.

Hapa ndipo historia yake inapogusana na ya kwetu. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, kuanzia wa serikali na manispaa hadi makuli wa bandarini. Malalamiko yao yalikuwa ujira mdogo na kodi ya nyumba iliyokuwa ikimla mtu mzima mzima. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Chama cha Makhan Singh kiliwaunga mkono na kupeleka maoni yake mbele ya tume. Mwaka huo huo Waafrika walichaguliwa katika kamati ya chama hicho, jambo ambalo serikali haikulifurahia hata kidogo.

Disemba 1939 alikwenda India, vita vya pili vya dunia vikiwa vimekwisha kuanza. Mwezi Mei 1940 Waingereza wakamkamata huko, bila kesi wala hukumu. Aliwekwa kizuizini, kisha akafungiwa kijijini kwao asitoke, hadi mwanzoni mwa 1945. Alipoachiliwa alifanya kazi ya uandishi katika gazeti moja huko Lahore. Agosti 1947, mwezi ambao Punjab ilipasuliwa mapande mawili na damu ikamwagika kwa maelfu, alirudi Kenya kupitia bandari hii hii ya Mombasa.

Mombasa aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Januari ya mwaka huo wafanyakazi kama 15,000 walikuwa wamegoma wote kwa pamoja: wa bandari, wa reli, wa mahoteli, wa majumbani. Kutokana na mgomo huo kilizaliwa African Workers' Federation, kikiongozwa na Chege Kibachia, kijana wa Kiambu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Kibachia alikamatwa mwezi huo huo wa Agosti na kupelekwa kuishi uhamishoni Baringo, ambako angekaa miaka kumi. Mmoja alikuwa akiondolewa njiani, mwengine akishuka melini.

Serikali haikutaka Makhan Singh abaki nchini. Ilimpa amri ya kuondoka, akakataa kutii, akakamatwa, mambo yakafika mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: yeye ni mkazi wa Kenya na hapa ndipo kwao. Mahakama ikakubaliana naye. Alipotoka hapo alirudi moja kwa moja kwenye kazi yake.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai waliunganisha vyama vya wafanyakazi kadhaa chini ya mwavuli mmoja, East African Trade Union Congress, ambao wengi waliujua kwa kifupi chake, EATUC. Kubai akawa rais, Makhan Singh akawa katibu mkuu. Ofisi yao ilikuwa Kiburi House, katika barabara ambayo leo inaitwa Kirinyaga. Humo walipita madereva wa teksi, wafanyakazi wa mahoteli, washonaji, wapiga chapa, watu wa ujenzi. Serikali ilikataa kukiandikisha chama hicho. Wao wakaendelea kukutana.

Jambo moja la mwaka uliofuata lingewafaa watu wa Mukuru kulijua vizuri. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa hadhi ya jiji na mfalme wa Uingereza. Kulikuwa na gwaride, bendera na karamu. EATUC ikawataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo. Makhan Singh alieleza kwamba ndani ya Nairobi mlikuwa na miji miwili, mmoja wa matajiri na mwengine wa maskini, na kwamba mji wa pili haukuwa na cha kusherehekea. Hakuishia kwenye mishahara. Alizungumzia nyumba, maji, misako ya usiku ya polisi na ardhi ambayo mji ulikuwa ukiimeza. Kwake yeye mfanyakazi hakuwa mtu wa kiwandani pekee. Akitoka lango la kiwanda alikuwa bado ni mfanyakazi, na chumba alichokwenda kulala nacho kilikuwa ni suala la chama.

Mwezi uliofuata, tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, chama cha KAU na kile cha Wahindi vilifanya mkutano wa pamoja. Makhan Singh alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Wengi wakati ule walikuwa bado wakiomba viti viwili vitatu katika baraza la kutunga sheria. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mzizi.

Hawakumsubiri sana. Tarehe 15 Mei 1950 yeye na Kubai walikamatwa. Siku iliyofuata Nairobi iligoma, na mgomo ukaendelea kwa zaidi ya wiki moja. Serikali ikatoa askari, mabomu ya machozi na magari ya kivita. Wagomaji walidai viongozi wao waachiliwe, na pamoja nao walimtaja Chege Kibachia wa mgomo wa Mombasa, aliyekuwa bado Baringo. Walidai mshahara wa chini wa shilingi 100 kwa mwezi, na kukomeshwa kwa misako ya usiku. Mgomo ulivunjwa kwa nguvu, lakini haukusahaulika.

Kesi ya kumwondoa Makhan Singh katika harakati ilisikilizwa Nyeri na Jaji Thacker, yule yule ambaye miaka miwili baadaye angeendesha kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Mahakamani hakukana alichokiamini. Alikiri kwamba yeye ni mkomunisti, na akasema wazi kwamba Waingereza hawana haki ya kuitawala nchi hii. Gavana akatia saini, naye akapelekwa kaskazini kabisa, Lokitaung, kwenye jua na upepo wa Turkana. Baadaye alihamishiwa Maralal, kisha Dol Dol.

Alikaa kizuizini miaka kumi na moja na nusu. Mkewe, Satwant Kaur, alilea watoto Nairobi bila mume, na kuonana kwao kulikuwa kwa kibali na kwa nadra. Aliambiwa kwamba angeweza kutoka mara moja iwapo angekubali kuondoka Kenya aende zake India. Alikataa. Kenyatta na wenzake walikamatwa baada yake, na Kenyatta akaachiliwa Agosti 1961 kabla yake. Makhan Singh aliachiliwa tarehe 22 Oktoba 1961. Huwezi kupata viongozi wengi wa Kenya waliokaa muda mrefu kama huo chini ya ulinzi wa Mwingereza.

Aliporudi aliingia KANU, akangoja kutumwa. Hakutumwa. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa tayari mikononi mwa watu wengine, na vita baridi vya dunia vilikuwa vimeingia hadi ndani ya ofisi za vyama hivyo, mmoja akifadhiliwa kutoka huku na mwengine kutoka kule. Mwaka 1965 serikali ikaunda COTU, na ndani yake hakuwamo. Nchi mpya iliona haya kidogo kwa mtu aliyeitwa mkomunisti, na zaidi alipokuwa Mhindi. Hakuonekana kwenye magari ya fahari wala kwenye mashamba yaliyogawanywa.

Alirudi kwenye karatasi zake. Tangu 1935 alikuwa amehifadhi kila kitu: kumbukumbu za mikutano, stakabadhi za ada, vipeperushi, barua kutoka kwa serikali na nakala za majibu yake. Kutokana na hayo aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi 1952, kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969. Ni kitabu kisichojisifu. Majina ya wafanyakazi wa kawaida yamejaa humo, yakiwa na tarehe na mahali, kama mtu anayerudisha amana za watu. Juzuu ya pili ilichapishwa baada ya kifo chake. Karatasi zenyewe zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Makhan Singh alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59, siku tatu baada ya kutimia miaka 23 tangu kukamatwa kwake.

Hakuwahi kuiona Mukuru kwa Reuben kama ilivyo leo. Mtaa huo ulikua baada yake, kwenye ardhi ambayo sehemu yake kubwa iligawiwa watu binafsi ili waweke viwanda vidogo, viwanda visijengwe, watu wakajenga mabati. Lakini mambo aliyoyapigania yote yako pale. Kuna mfanyakazi wa siku asiye na karatasi yoyote. Kuna nyumba isiyo na hati. Kuna maji ambayo maskini huyanunua kwa mtungi kwa bei ghali kuliko anayoyalipa tajiri kwa mfereji. Na kuna kiwanda ambacho siku yoyote kinaweza kuhamia Ethiopia au kubadilishwa kuwa ghala la bidhaa za nje.

Sheria haikumsahau kabisa mtu huyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba mwajiri anayepunguza watu kwa kukosa kazi atoe ilani ya angalau mwezi mmoja, kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, na alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka ambao mtu ametumikia. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Ni maneno mazuri. Lakini ili uyadai lazima uthibitishe kwamba ulikuwapo. Mtu aliyeingia lango lile lile miaka minane kwa kuhesabiwa kichwa, akilipwa jioni mkononi, atathibitisha kwa nini? Kiwanda kikifungwa atakuwa shahidi wa nafsi yake peke yake.

Ndiyo maana nasema maisha ya Makhan Singh si hadithi ya kale tu. Vyama vyetu vingi vya leo vimejengwa ndani ya lango la kiwanda. Mwanachama ni yule anayekatwa ada kwenye hati ya mshahara. Lango likifungwa hakuna mshahara, bila mshahara hakuna ada, na bila ada hakuna chama. Chama hufa siku ile ile ambayo watu wanakihitaji zaidi. Chama chake kilisimama nje ya lango. Aliandikisha mtu kwa kuwa ni mfanyakazi, haidhuru anafanya kazi wapi wala rangi yake gani, na mgomo wa 1950 ulipotokea ni mitaa iliyogoma, si kiwanda kimoja.

Mukuru wenyewe wameshaanza kuonyesha njia, bila kungoja mtu. Kwa miaka mingi wakazi, wakiwemo walio katika Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda lililoanza 1996, wamekuwa wakijihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakiandika nani anaishi wapi na analipa nini kwa maji, kwa umeme, kwa choo. Hesabu hizo ni miongoni mwa mambo yaliyoifanya Kaunti ya Nairobi, mwezi Agosti 2017, kuitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu. Mpango haujamaliza matatizo, na mwaka 2021 majirani zao wa Mukuru kwa Njenga waliona nyumba zikibomolewa kupisha barabara. Lakini mtu aliyeandikwa ni vigumu zaidi kumfukuza kuliko mtu anayesemekana hayupo. Waliojihesabu kwa nyumba wanaweza kujihesabu kwa kazi pia: nani ameingia kiwanda gani, tangu lini, kwa malipo gani, na shahidi wake ni nani.

Nasi wa pwani tujifunze hapo. Wafanyakazi wa kudumu wa mgodi wa Kwale walikuwa na barua na akaunti za benki, na wengi wao walijua wanachodai. Lakini nyuma ya kila mfanyakazi mwenye barua kulikuwa na watu kadhaa wasio na barua: mama aliyepika, kijana wa bodaboda, mkulima aliyeuza mboga, kibarua wa msimu. Wote hao waliishi kwa mgodi ule. Orodha yao iko wapi? Siku ya kuzungumzia ardhi iliyochimbwa irudi kwa nani na kwa kazi gani, watakaa kwenye kiti kipi? Ndivyo ilivyokuwa kwa gereji za Changamwe na Miritini wakati wa SGR. Tuliandamana kwa haki na sauti ikasikika, lakini hesabu ya waliopoteza kazi ilibaki ya kukisia, kila mmoja na yake.

Huko Uingereza, migodi ilipozidi kufungwa baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, waliobaki wakisimama mitaani ni wake wa wachimbaji waliokuwa wakipika chakula cha pamoja na kuweka madaftari ya michango. Mumeo akikosa kazi, mtaa bado upo, na ndio uliobeba watu. Hilo Makhan Singh alilijua tangu mgomo wa 1937.

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mtu nalo ni mali. Kwa hivyo wito wangu ni mwepesi na hauhitaji mfadhili. Vikundi vya vijana, kamati za misikiti na makanisa, vyama vya akina mama, Mukuru na Msambweni na Changamwe, waanze daftari. Jina, kazi, tarehe ya kuanza, malipo, jina la shahidi, sahihi. Liandikwe sasa, wakati lango lingali wazi na msimamizi angali anajulikana kwa jina. Nakala moja ibaki kwa mtu mwaminifu, nyingine ipelekwe kwa afisa wa kazi wa kaunti, apokee na agonge muhuri. Siku kazi itakapoondoka, kwani kila kazi ina mwisho wake, watakaoketi mezani wakute kwamba watu wamekwisha kuandikwa.